Taima za muunganisho mmoja zizimwe kwa pamoja

Wenzangu wa Mbeya mnaoandika seva za Node.js (programu ya kuendeshea JavaScript kwenye seva), hasa zinazopokea vipimo vya uzito wa parachichi kutoka vituo vya Rungwe ambako mtandao unakatika na kurudi: angalieni sana taima zenu, yaani vihesabu muda ambavyo muda ukiisha hufanya kazi mliyovipangia.

Simu ya karani wa kituo inapojiunga na seva, seva huwasha taima kadhaa: ya kusubiri utambulisho, ya kusubiri uzito wa kreti, ya kusubiri uthibitisho. Mtandao ukikatika, wengi hufuta moja tu. Zilizobaki zinalia baadaye, karani akiwa amesharudi hewani, na kumkatia kazi mpya katikati. Mkulima kasimama na kreti zake, anapimiwa upya. Si haki kwake.

Dawa ni kila muunganisho uwe na AbortController yake, yaani kifaa cha JavaScript cha kukatiza kazi zinazosubiri. Tumia setTimeout (ya kuwasha taima) ya moduli ya node:timers/promises, na kila taima uipe signal ileile ya AbortController hiyo. Muunganisho ukifungwa, ita abort() mara moja tu, zote zinazimika. Lakini kamata AbortError, yaani kosa la kukatizwa! Kila taima iliyokatizwa huitupa, na tangu Node.js 15 kosa la namna hiyo lisipokamatwa huangusha programu nzima.

Wingi wa taima usikutishe. Node.js huweka zenye muda sawa kwenye orodha moja, kwa hiyo chagua sekunde 30 kwa zote badala ya 29 huku na 31 kule.

Na muda usizidi milisekunde 2147483647, yaani kama siku 24.8. Ukizidi, Node.js huugeuza kuwa milisekunde 1.