Soave mezani: namna ya kuupoza, kuuonja na kuutafutia chakula

Wageni wa Kiitaliano wanaokuja Malindi huuagiza Soave, mvinyo mweupe wa kwao, bila hata kutazama menyu. Wenyeji nao huujaribu, kisha wananiambia, "Huu mbona kama maji?" Mara nyingi anayestahili lawama ni friji. Mimi ni mhudumu wa mvinyo hotelini, na hivi ndivyo ninavyouandaa.

Hatua ya 1: Soma lebo

Soave ni mji mdogo wenye ngome ya kale, mashariki ya Verona, kaskazini mwa Italia. Mvinyo wake mweupe unaweza kuwa wa mchanganyiko. Kwa sheria, zabibu za Garganega zisipungue asilimia 70, na zinazojazia huwa hasa Trebbiano di Soave au Chardonnay. Garganega ndiyo inayoleta harufu ya maua na ule uchungu mdogo wa lozi mwishoni. Trebbiano di Soave huongeza uchachu (usiichanganye na Trebbiano Toscano, wamefanana jina tu).

Neno Classico lina maana kwamba zabibu zimetoka kwenye vilima vya tangu zamani vya Soave na mji jirani wa Monteforte d'Alpone, ambako udongo mwingi ni wa volkano. Mimi huchukua huo hata ukizidi bei kidogo. Ukiona Recioto, ngoja kwanza: huo ni mtamu, wa zabibu zilizoanikwa hadi zikanyauka, na huja baada ya chakula.

Hatua ya 2: Poza, lakini usigandishe

Lenga nyuzi 10 hadi 12. Friji ya kawaida iko kwenye 4 hivi, kwa hiyo toa chupa dakika 15 kabla ya kumimina. Ukiwa baridi kupita kiasi, harufu hujificha na unabaki na uchachu mtupu. Hapo ndipo watu wanaposema maji. Niliwahi kuharakisha kwa kuitia chupa kwenye friza, nikaisahau, nikakuta kizibo kimesukumwa nje nusu. Siku hizi natumia ndoo yenye barafu na maji, nusu kwa nusu. Barafu tupu haiigusi chupa vizuri.

Na kwa joto letu, mimina kidogo kidogo. Glasi iliyojaa inakuwa vuguvugu kabla hujafika katikati.

Hatua ya 3: Onja kabla ya chakula

Weka glasi mbele ya kitambaa cheupe: rangi ni ya majani makavu, pengine yenye kijani kwa mbali. Izungushe, nusa, kisha nywa funda moja na usubiri. Ladha ya limau na pichi hutangulia. Ukishameza, inakuja kitu kama umetafuna lozi pamoja na ganda lake jembamba la kahawia. Hicho ndicho unachokitafutia chakula.

Hatua ya 4: Chagua chakula

Kwao Veneto, mkoa ulimo mji wa Soave, huunywa na risi e bisi, yaani wali laini wa njegere, na risoto (wali mwingine laini) ya asparaga. Kuna pia baccalà alla vicentina, samaki mkavu anayepikwa taratibu kwa maziwa na vitunguu hadi alainike. Utaona vyote ni vyakula vya upole, visivyo na makali.

Kwa kipimo hicho, jikoni kwetu nampa mgeni samaki aina ya changu wa kuchoma aliyepakwa chumvi na kitunguu saumu, au kamba wa siagi. Samaki wa kupaka anakubali, mradi tui liwe zito na pilipili iwe ya kunusia tu. Ukwaju siuweki kabisa, unaumeza mvinyo wote. Mishikaki nayo inataka mvinyo mwekundu, au soda.

Hatua ya 5: Uliobaki

Rudisha kizibo, weka kwenye friji, umalize ndani ya siku 2 au 3. Ikibaki nusu kikombe, kaanga kamba kwa kitunguu saumu, mwagia humo, funika dakika moja tu.