Kukwepa kwenye Tekken: anza na hatua ya pembeni, dashi ya Kikorea itafuata

Dogo mmoja hapa Kirumba aliniomba nimfundishe dashi ya Kikorea, yaani kurudi nyuma haraka kwa mfululizo, kwenye Tekken, gemu ya mapigano. Wengi huanza na ombi hilo hilo, maana ndiyo inayoonekana kwenye video. Nilimpa mpangilio mwingine, na hapa nauandika ulivyo kwa yeyote anayecheza kwenye mabanda ya gemu ya Mwanza. Unafaa kwa Tekken 7 na Tekken 8. Tekken 8 haichezeki kwenye PS4, kwa hiyo mabanda mengi bado yana ile ya 7, na misingi ni ile ile.

Hatua ya 1: pedi na TV

Tumia vishale, usitumie kijiti. Kijiti cha kushoto kwenye pedi za mabandani kimeshachoshwa na wacheza mpira, na hata kikiwa kipya hakikupi mguso mfupi unaohitajika hapa. Mwombe mwenye banda aiweke TV kwenye hali ya gemu, la sivyo picha inachelewa nyuma ya vidole vyako.

Hatua ya 2: fremu

Fremu ni picha moja ya gemu, na gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Ngumi ya kitufe cha mraba hutoka kwa fremu 10 kwa karibu wahusika wote. Ikikingwa, aliyepiga anabaki mbele kwa fremu 1, yaani anaweza kutenda tena fremu 1 kabla ya aliyekinga. Hizo namba mbili zinatosha kwa leo.

Hatua ya 3: hatua ya pembeni yenye kinga

Gusa kishale cha juu au cha chini mara moja, achia, kisha bana nyuma papo hapo, maana nyuma ndiyo kinga. Usikibane kile cha kwanza, utaruka au utachuchumaa. Pigo la mstari mnyoofu linapita kando yako, na kama lingekufuata, linakuta tayari umekinga. Kwa maoni yangu hakuna kitu kingine kwenye gemu hii kinachokupa faida kubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo.

Upande ndio unaowachanganya watu. Ukiwa kushoto mwa skrini, kishale cha juu kinampeleka mhusika wako kushoto kwake na cha chini kulia kwake. Ukihamia kulia mwa skrini, vinageuka. Mtu anaambiwa "Kazuya mkwepe kwa kushoto" (Kazuya ni mmoja wa wahusika), anabonyeza juu siku zote, halafu nusu ya mechi anakwenda kulia bila kujua. Fanya mazoezi pande zote mbili tangu mwanzo.

Sasa jaribio lenyewe. Hapa usiharakishe, kwa sababu hapa ndipo saa nyingi hupotea bure. Ingia hali ya mazoezi, chagua kurekodi matendo ya mpinzani. Rekodi apige ngumi ya mraba ambayo wewe utaikinga, kisha afuatishe pigo la pili bila kupumzika. Tengeneza rekodi tatu: ya kwanza pigo la pili liwe ngumi ya mraba tena, ya pili liwe pigo la kati lililonyooka, ya tatu liwe pigo la kufuata, lile lililotengenezwa mahsusi kukamata wanaokwenda pembeni. Orodha ya mapigo ya Tekken 8 inayawekea alama mapigo hayo.

Tatizo ni kwamba rekodi iliyochelewa inadanganya. Ukirekodi pigo la pili kwa kuchelewa hata kidogo, kunakuwa na pengo, na hatua yako itafaulu kila mara. Utatoka hapo unaamini Kazuya hawezi kukugusa, kisha jioni unapigwa na kila mtu. Kwa hiyo kabla ya kukwepa chochote, ipime rekodi ya kwanza hivi: kinga ngumi ya kwanza, halafu na wewe bonyeza mraba haraka uwezavyo. Yeye yuko mbele kwa fremu 1, na ngumi zenu zote mbili ni za fremu 10, kwa hiyo yake lazima ishinde kila mara. Ngumi yako ikitangulia hata mara moja, rekodi ni mbovu, ifute. Rekodi ya pili na ya tatu zirekodi kwa mwendo ule ule wa vidole. Pia hakikisha unakinga ile ya kwanza ukiwa umesimama. Ngumi hiyo ni pigo la juu, ukichuchumaa inapita hewani na hesabu yote inavurugika.

Rekodi zikiwa sawa, ziache zichezwe kwa kubahatisha. Nenda kushoto mpaka uone ni lipi linakupata, kisha kulia. Andika kwenye daftari, maana kila mhusika ana upande wake dhaifu, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi kwa wahusika wote hao.

Angalizo moja zaidi: ukiwa nyuma fremu chache, hatua ya pembeni bado inafanya kazi. Kadiri unavyozidi kuwa nyuma, hata ngumi ya mraba inakukuta hujatoka kwenye mstari. Ukiwa nyuma kwa 10 au zaidi, kinga tu.

Hatua ya 4: kutembea pembeni

Gusa juu, achia, kisha bana juu. Unakwepa mengi zaidi lakini unakaa muda mrefu bila kinga. Mimi huitumia tu mpinzani akiwa mbali.

Hatua ya 5: kuchuchumaa

Kunapitisha mapigo ya juu na mikamato mingi. Pigo la kati linakupata.

Hatua ya 6: dashi ya Kikorea

Nyuma, achia, nyuma: hiyo ni dashi ya kawaida. Bila kuinua kidole, kiviringishe hadi nyuma-chini, kirudishe nyuma, achia, bonyeza nyuma tena. Kule kuchuchumaa kwa kitambo ndiko kunakokata dashi ya kwanza na kukuruhusu kuanza nyingine. Kidole kisifike chini kabisa. Ukicheza Paul au Bryan, chini, nyuma-chini, nyuma ni amri ya kuyumba, na mhusika atayumba badala ya kurudi.

Wachezaji wa Korea ndio walioipa jina, lakini usidhani ni yao peke yao. Arslan Ash, mchezaji wa Lahore, Pakistan, alitwaa mashindano makubwa ya gemu za mapigano, Evo Japan na Evo ya Las Vegas, katika mwaka mmoja, 2019.

Kazi yake ni kumfanya mpinzani apige hewa, ili umwadhibu kabla mkono wake haujarudi. Kwa hiyo dashi mbili safi zinakutosha. Ukirudi tano mfululizo unafika ukutani, na hapo hakuna dashi tena. Zirudishe rekodi zile tatu, ujaribu dashi mahali pa hatua ya pembeni, ulinganishe kwenye daftari lile lile.

Nenda asubuhi banda likiwa tupu, jioni kuna foleni ya mechi. Ukianza mechi, tumia raundi ya kwanza kuangalia kitu kimoja tu: baada ya wewe kukinga ngumi yake ya mraba, anafuatisha nini.