Kabla ya Hafla: Kumwandalia Mgeni Saa Ambayo Mambo Yatakwenda Mrama

Waandaaji wengi wa hafla huanza na orodha ya vitu: viti, vyombo vya sauti, maji, taa, mapambo. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini haisemi lolote kuhusu saa ile ambapo umeme unakatika wageni wakiwa wameketi, au mzungumzaji mkuu anapiga simu kusema amekwama njiani. Kinachohitajika saa hiyo ni mtu aliyekwisha kujua atamwendea mgeni yupi, atamwambia nini na atampa nini, wakati wengine wakihangaika na tatizo lenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia, nalo ndilo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote, ni kuteua watu wawili ambao siku hiyo hawatakuwa na kazi nyingine isipokuwa wageni. Mratibu mwenyewe hafai, kwa sababu hitilafu ikitokea yeye ndiye wa kwanza kukimbilia jenereta au jikoni, na mgeni huambulia kumwona mgongo. Watu hao wapewe mamlaka ya kuamua bila kuomba ruhusa: kufungua ukumbi kabla ya wakati, kuagiza vinywaji vitolewe mapema, kuhamisha safu nzima ya viti kutoka juani. Mpokezi asiyeruhusiwa kuamua chochote ni pambo tu, hata awe mchangamfu namna gani.

Kuchelewa ndiko kunakohitaji maandalizi marefu zaidi. Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa usimamizi wa huduma, alieleza katika makala yake kuhusu foleni mambo ambayo kila aliyewahi kusubiri anayatambua: muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko wenye shughuli, na kungoja bila kuelezwa sababu huchosha kuliko kungoja kulikoelezwa. Mshereheshaji basi aandikiwe mapema taarifa fupi mbili au tatu, kila moja ikiwa na nafasi ya kutaja kilichotokea, kinachofanyika na wakati ambapo wageni watapewa taarifa nyingine. Kuahidi kwamba umeme utarudi sasa hivi ni kuahidi kisichokuwa mikononi mwako. Kuahidi taarifa nyingine baada ya dakika 10 kunawezekana, mradi mshereheshaji arudi kweli hata kama hana jipya. Muda uliobaki wazi ujazwe na mtu anayeifahamu vizuri shughuli hiyo au wenye hafla, atakayesimulia kwa dakika 5 mambo ambayo ratiba haikuyapa nafasi. Aombwe siku kadhaa kabla, kwani kumshtukiza mgeni kwa kipaza sauti ni kumbebesha taabu ya mwenyeji.

Jenereta nayo ijaribiwe ikiwa imebeba taa na vyombo vyote, si kuwashwa tu ikasikika inaunguruma, na iwekwe nje, mbali na milango na madirisha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Taa za betri ziwekwe kwenye ngazi, njia za kutokea na vyooni. Sauti ikikatika kabisa, panga mapema namna ya kusogeza viti viwe nusu duara na mzungumzaji ashuke jukwaani. Wasiosikia vizuri wapewe viti vya mbele. Nimeona mikutano midogo iliyonoga kuanzia hapo.

Mvua haina mengi: miavuli ya kuwapokelea wageni kwenye magari, vitambaa vya kujifutia, na njia isiyo na tope. Radi ni jambo jingine, maana hema si kinga. Wageni wahamishiwe ndani ya jengo imara na wasitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Wageni wakizidi idadi, aibu huanzia mlangoni. Mpokezi asimwambie mtu mbele ya foleni kwamba jina lake halipo, bali awe na kadi tupu na kalamu, aulize jina linavyoandikwa, kisha amkabidhi kwa mtu wa kumpeleka kwenye kiti cha akiba. Meza ya chakula ipangwe ili watu wajipakulie pande zote mbili, jambo linalofupisha foleni sana, na waandaaji wale mwisho.

Kuna utafiti wa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake wa mwaka 1993 ambapo watu walizamisha mkono katika maji baridi kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile pamoja na 30 za ziada ambapo maji yalipashwa kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia jaribio lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu mwisho wake ulikuwa na nafuu. Ndiyo maana sehemu ya nguvu za siku isiguswe hadi wakati wa kuagana, hata kama mchana ulikuwa wa misukosuko: wale wawili wa wageni wasimame mlangoni, wamshukuru kila mtu kwa uvumilivu wake wakitaja kilichotokea bila kukificha, na viti visianze kukunjwa kabla mgeni wa mwisho hajapata usafiri.