Wakili wako anapogeuka kumtetea mpinzani wako: namna ya kupeleka lalamiko

Tuseme ulinunua kiwanja Mikanjuni, jijini Tanga, na wakili aliyewaandikia mkataba wewe na muuzaji, akapokea ada kwenu nyote wawili, leo anasimama mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akimtetea muuzaji dhidi yako. Hapo pana mgongano wa maslahi, kwani siri ulizompa angali nazo. Kushindwa kesi ni jambo jingine kabisa, na dawa yake ni rufaa.

Kwanza hakiki jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asipokuwemo, huenda ni kishoka, yaani wakili bandia, na huyo ni wa kupelekwa polisi.

Kisha kusanya ushahidi kwamba ulikuwa mteja wake, maana hapa ndipo atakapokukana. Tazama mwisho wa mkataba: sheria humtaka aliyeandaa waraka aweke jina na anwani yake, na mstari huo mdogo, ambao wengi hawausomi, waweza kukufaa kuliko mashahidi watatu. Ongeza risiti za ada na ujumbe wa simu mlioandikiana.

Usingoje Kamati ya Mawakili, inayosikiliza mashauri ya nidhamu ya mawakili, ili kuizuia kesi. Weka pingamizi palepale Barazani, mapema iwezekanavyo, ukiomba wakili huyo ajitoe, kwa kuwa shauri la nidhamu halisimamishi shauri la kiwanja.

Lalamiko lenyewe hupelekwa kwa maandishi kwenye Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, likiambatana na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili. Eleza kwa tarehe: lini ulimpa kazi, ulimweleza nini, lini alijitokeza upande wa pili. Matusi yaache nyumbani. Ukiwa na wakili mpya, usiape mbele yake, maana sheria inamkataza kamishna wa viapo kuapisha katika shauri analolisimamia mwenyewe, mtafute mwingine.

Kamati humsikiliza mlalamikiwa pia, na ikiridhika yaweza kumkaripia, kumsimamisha au kuamuru jina lake lifutwe katika orodha ya mawakili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Hasara uliyoipata kwenye kiwanja idai kwa kesi ya madai, na siku unapowasilisha lalamiko hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.