Kusimamia seva ya Kakamega ukiwa Kisumu: kuandaa BMC na njia ya kuifikia

Mwongozo huu ni wa anayetunza seva iliyo mji mwingine. Tuseme wewe uko Kisumu, raki iko ofisi ya tawi Kakamega, na aliye karibu nayo ni karani ambaye hata kumwelekeza kwa simu abonyeze kitufe gani ni kazi. Stima ya huko ikipotea na kurudi, unataka kuiona skrini ya seva bila kwenda stendi ya matatu.

Ndani ya karibu kila seva ya raki mna kompyuta nyingine ndogo, BMC. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO, na Supermicro huandika IPMI kando ya tundu lake. Ilimradi waya wa stima umechomekwa, BMC iko macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Leseni. Kagua kabla ya kununua seva ya mtumba. Kuwasha, kuzima na kusoma joto hupatikana bure. Kuona skrini ni habari nyingine: iDRAC kwa kawaida hudai leseni ya Enterprise, na iLO isiyo na leseni ya Advanced hukata skrini mara tu mfumo wa uendeshaji unapoanza, kwenye seva nyingi za raki. Mwuzaji akishindwa kukuonyesha ukurasa wa leseni, punguza bei unayompa.

Hatua ya 2: Kebo. Tafuta nyuma ya seva tundu la mtandao lililotengwa kwa BMC. Kwenye Dell nyingi lina alama ya spana. Mipangilio pia huruhusu BMC ishiriki tundu la kawaida la seva, lakini mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu kosa dogo la VLAN hukufungia milango yote miwili kwa pamoja. Peleka kebo hiyo kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile), mbali na kompyuta za wafanyakazi.

Hatua ya 3: Anwani. Ukiwa mbele ya seva, bonyeza F2 kwenye Dell au F9 kwenye HPE inapowaka, kisha ingia sehemu ya iDRAC au iLO. Kama Linux tayari inafanya kazi, huna haja ya kuizima:

```
sudo modprobe ipmi_devintf
sudo modprobe ipmi_si
sudo ipmitool lan set 1 ipsrc static
sudo ipmitool lan set 1 ipaddr 10.40.0.5
sudo ipmitool lan set 1 netmask 255.255.255.0
sudo ipmitool lan set 1 defgw ipaddr 10.40.0.1
sudo ipmitool lan print 1
```

Namba 1 ni chaneli ya mtandao ya BMC. Kwenye seva nyingi za HPE ni 2.

Hatua ya 4: Nywila. iDRAC za zamani hutoka kiwandani na root/calvin, Supermicro za zamani na ADMIN/ADMIN, na kila mtoto wa mtandao anazijua. Mpya huja na nywila ya kipekee kwenye kibandiko au kikadi cha kuvuta. Zote badilisha. Kisha zima IPMI (itifaki ya kuiamuru BMC) ya kupitia mtandao, ile ya UDP 623, utumie kurasa za HTTPS tu. Itifaki ya IPMI 2.0 yenyewe ina kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2013-4786: anayejua jina la akaunti anaweza kuomba hashi (alama iliyokokotolewa kutoka kwa nywila) kabla hajaingia, akaenda kuivunja kwake polepole. Amri za ipmitool unazoziandika ndani ya seva yenyewe zitaendelea kufanya kazi.

Hatua ya 5: Njia ya kutoka nje. Hapa ndipo wengi huharibu. Usifungue lango (port) la BMC kwenye ruta ili intaneti nzima ilione, hata kwa namba ya ajabu. Na ofisi nyingi za tawi hutumia 4G isiyo na anwani ya umma, kwa hiyo hata ukitaka kufungua, huwezi. Geuza mwelekeo: ruta ya Kakamega ndiyo ipige simu nje. Ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 ina WireGuard (VPN, yaani njia iliyofichwa kati ya mitandao miwili) ndani yake. Iunganishe na VPS ndogo (seva pepe ya kukodi mtandaoni) au na ruta ya Kisumu yenye anwani ya umma, uweke keepalive (ishara ndogo inayotumwa mara kwa mara) ya sekunde 25 ili mtandao wa simu usisahau muunganisho. Kwenye fayawoli ruhusu kutoka WireGuard kwenda 10.40.0.5 TCP 443 peke yake. iDRAC za zamani huhitaji pia 5900 kwa skrini.

WireGuard hiyo isikae kwenye mashine pepe iliyo ndani ya seva hiyohiyo. Seva ikilala, ufunguo wa kuiamshia umelala nayo. Kwa sababu hiyohiyo, ruta na swichi lazima ziwe kwenye UPS, hata kama ni ndogo.

Hatua ya 6: Stima ikirudi. Kwenye BIOS tafuta kipengele cha AC Power Recovery. Wengi huweka On. Mimi huchagua Last, seva irudi katika hali iliyokuwa nayo, kwa sababu seva niliyoizima kwa makusudi sitaki ijiwashe. Kwenye Dell ongeza ucheleweshaji wa sekunde 120: stima hurudi ikicheza, na diski hazipendi kuwashwa na kuzimwa mara tatu ndani ya dakika moja.

Hatua ya 7: Jaribio. Zima Wi-Fi ya ofisi na utumie bando la simu. Ingia kupitia WireGuard, zima seva kwa utaratibu, iache kidogo, iwashe na utazame BIOS ikipita. Fanya hivi fundi akiwa bado kule.

Mwisho, ipe BMC seva ya NTP (ya kusawazisha saa) na saa za Africa/Nairobi. Bila hivyo kumbukumbu ya matukio inaweza kukuambia pawa saplai ya seva ilikufa saa tisa usiku, kumbe ni saa kumi na mbili asubuhi, na utamuuliza mlinzi asiyehusika.