Injini ya gari la zamani inagonga? Tafuta chanzo kabla ya kuifungua

Niliwahi kuletewa gari ambalo injini yake ilishashushwa kwingine, beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, yaani shafti kuu ya injini) zikabadilishwa zote, na bado lilikuwa linagonga vilevile. Mwenyewe alishakata tamaa. Kosa halikuwa ndani ya injini kabisa. Nitalieleza kwenye hatua ya 5. Tangu siku hiyo sifungui injini yoyote kwa sababu ya mlio mpaka niwe nimepita hatua hizi, kwa mpangilio huu, kuanzia nje kwenda ndani.

Hatua ya 1: Oili

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika 5. Chomoa kijiti, kifute, kichomeke, kichomoe tena. Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, ongeza ifike kati ya alama mbili, kisha usikilize upya. Kelele nyingi za tapeti, vidude vinavyosukuma valvu, huishia hapa.

Paka tone la oili kwenye kitambaa cheupe na ulitazame juani. Ukiona chembe zinazometa, kuna chuma kinachosagika. Na taa ya oili ikiwaka huku injini inagonga, zima papo hapo. Usijaribu hatua nyingine yoyote mpaka presha ya oili ipimwe.

Hatua ya 2: Mlio unatoka lini?

Washa injini asubuhi ikiwa ya baridi, usimame mbele ya boneti, usiguse kitu. Mlio unaopungua injini ikipata moto mara nyingi ni pistoni iliyolegea kwenye silinda, au gasketi ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) inayovujisha. Vitu hivi viwili hufanana sana sikioni, lakini gasketi inayovuja huacha masizi meusi pembeni yake. Chukua tochi uyatafute.

Mlio mwembamba wa kengele-kengele unaokuja gari likipanda mlima ni mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda: angalia taimingi ya cheche za plagi na ubora wa petroli. Kelele ya bati inayotokea kwenye mwendo fulani tu wa injini, ukiongeza inapotea, huwa ni kinga ya joto ya ekzosi iliyolegea bolti. Hiyo kaza, umemaliza.

Sikiliza pia mapigo yenyewe. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, krenki inapita mara 13 hivi kwa sekunde, na valvu moja inagonga chini ya mara 7. Huwezi kuhesabu, lakini sikio linatofautisha: tapeti ni nyepesi na ya polepole zaidi, inatokea juu, kinachofuata krenki ni kizito na cha haraka, kinatokea chini.

Hatua ya 3: Vua mkanda

Piga picha ya jinsi mkanda unavyopita kwenye puli, kisha uuvue. Washa injini kwa sekunde 30 tu, maana kwenye magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Mlio ukitoweka, umeshinda: zungusha kila puli kwa mkono, ya altaneta, ya tenshena (kikaza mkanda), ya pampu. Yenye beringi mbovu utaihisi inakwaruza vidoleni au inacheza.

Mlio ukibaki, rudisha mkanda uendelee.

Hatua ya 4: Kata silinda moja moja

Injini ikiwa inazunguka taratibu, chomoa soketi ya injekta (kinyunyizio cha mafuta) ya silinda ya kwanza, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Funga nywele na mikono ya shati, na kaa mbali na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe. Mlio ukififia kwenye silinda moja tu, shuku konrodi yake. Usipobadilika popote, endelea na hatua ya 5.

Hatua ya 5: Chaki kwenye puli ya krenki

Kwenye magari mengi puli hii ni vipande viwili, kitovu cha ndani na pete ya nje, vimeshikanishwa na mpira. Mpira huzeeka. Ukiachia, pete hucheza na kugonga kwa mdundo wa krenki, na mtu anasema konrodi.

Zima injini. Chora mstari mmoja mnyoofu wa chaki kutoka kwenye kitovu, kupita juu ya mpira, hadi kwenye pete. Washa, piga resi mara chache, zima. Kwenye gari lile, nusu ya nje ya mstari ilikuwa imehama upana wa vidole vitatu.

Kubadilisha: vua mkanda, zuia krenki isizunguke, fungua bolti, toa puli kwa pula (kifaa cha kuvutia puli) inayoshika kitovu, kamwe si pete. Soma kitabu cha gari kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingine bolti hiyo ndiyo pekee inayoshikilia gia ya taimingi, inayowianisha krenki na kamshafti, na ukiifungua kiholela taimingi inahama. Kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu.

Chaki ikikaa sawa na giaboksi ni ya otomatiki, fungua kifuniko cha chini ukague bolti na nyufa kwenye sahani inayoiunganisha na injini. Nayo hugonga hivyohivyo.

Vyote hivi vikiwa salama, na silinda moja ilinyamaza ulipoikata, hapo ni konrodi kweli. Gari livutwe, lisiendeshwe hata hadi gereji, kwa sababu beringi ikimalizika konrodi inaweza kutoboa bloku.