Namna ya Kuitumia Chemba ya Biashara ya Mkoa: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Moshi

Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, ambayo wengi huiita TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988 na ina matawi mikoani, Kilimanjaro ukiwamo. Si idara ya serikali, na haina mamlaka ya kumfutia mtu kodi, kumpa leseni au kumfungulia duka lililofungwa na maofisa. Ni chama cha wanachama wanaolipa ada, na uwezo wake umo katika mambo mawili: vyeti inavyoruhusiwa kutoa, na kiti inachokalia katika vikao vya serikali na sekta binafsi. Anayekwenda ofisini kwao akiwa na malalamiko ya jumla ataondoka na maneno ya faraja tu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuondoka na kitu.

Kujiunga hakuna ugumu. Chukua nakala ya leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na cheti cha usajili kutoka BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), ujaze fomu, ulipe kiingilio na ada ya mwaka, kisha udai risiti. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye uanachama ni lilelile lililosajiliwa BRELA, si jina la kwenye bango la dukani, kwa maana utalihitaji jina hilo baadaye kwenye nyaraka za mauzo ya nje.

Kabla ya kulipa, pima pia kama chemba ndiyo chombo kinachokufaa kwanza. Mkulima au msafirishaji wa mboga, maua na matunda ana TAHA, chama cha mazao ya bustani kilichoanzishwa mwaka 2004 na chenye makao yake Arusha. Mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani ana TATO, chama cha kampuni za utalii. Vyama hivyo vinaijua sekta yake kwa undani ambao chemba, inayohudumia kila aina ya biashara, haiwezi kuufikia. Jambo jingine ni mazoea ya ushirika. Sisi wa Kilimanjaro tumelelewa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, iliyoanza mwaka 1933 na kuzoea kukusanya kahawa ya mkulima na kuitafutia soko, hivyo baadhi yetu hujiunga na chemba wakitarajia itawauzia bidhaa. Chemba haiuzi kitu cha mwanachama. Inaweza kukuunganisha na mnunuzi au kukupeleka kwenye maonesho, lakini bei na mkataba ni juu yako.

Huduma inayowapeleka wengi chemba ni cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayoithibitishia forodha ya nchi ya mnunuzi kwamba bidhaa imezalishwa Tanzania na kwa hiyo inastahili nafuu ya ushuru iliyokubaliwa kati ya nchi hizo. Jiulize kwanza kama unakihitaji kutoka kwao. Anayevusha mzigo mdogo kupitia Holili kwenda Taveta, wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani na uliomo katika orodha iliyokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki, hupata cheti chepesi palepale mpakani kwa maofisa wa forodha. Kwa mzigo mkubwa zaidi, au unaokwenda nchi za SADC au soko la Eneo Huru la Biashara la Afrika, muulize wakala wako wa forodha ni cheti cha aina gani kinachotakiwa na ni nani anayekitoa, na umuulize kabla mzigo haujapakiwa.

Chukua mfano wa mtu anayekaanga kahawa Moshi na kuiweka kwenye pakiti. Kahawa ikiwa imelimwa Kibosho au Machame, uasili wake ni rahisi kuuthibitisha: anaonesha alikoinunua, stakabadhi za manunuzi na maelezo ya namna anavyoikaanga. Jirani yake anayeshona mashati kwa kitambaa kilichotoka China ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu kushonea Moshi peke yake si hoja. Lazima aoneshe, kwa hesabu za gharama, kwamba kazi iliyofanyika hapa inatosheleza kanuni za uasili za soko analoliendea. Hesabu hizo ziandaliwe mapema, maana siku lori linaposubiri hakuna atakayekuwa na utulivu wa kuzitafuta.

Fomu nyingi hukwama kwa mambo madogo sana. Ankara inasema kilo 480 na orodha ya vifungashio inasema 500, kwa kuwa mmoja aliandika uzito wa kahawa na mwingine akaongeza uzito wa maboksi. Ankara inasema «kahawa», fomu inasema «kahawa ya kukaanga», na namba ya forodha ya kutambulisha bidhaa iliyojazwa ni ya kahawa mbichi. Ziweke nyaraka zote mezani kwa pamoja, uzisome mstari kwa mstari huku mtu mwingine akikusikiliza.

Huduma ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili ada ya mwaka hata kwa asiyeuza nje kamwe, ni uwakilishi. Kila mkoa una Baraza la Biashara linaloongozwa na Mkuu wa Mkoa, na kila wilaya ina lake chini ya Mkuu wa Wilaya. Mabaraza hayo yako chini ya mfumo wa Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa mwaka 2001, na chemba ni miongoni mwa sauti kuu za sekta binafsi humo. Kero yako ikiingia huko kama agenda, inajibiwa mbele ya watu wenye uwezo wa kuiondoa.

Lakini agenda haiandikwi kwa manung'uniko. Mchuuzi anayenunua ndizi Kirua Vunjo na kuziuza Mbuyuni hupita kwenye halmashauri mbili, ya Wilaya ya Moshi na ya Manispaa. Akitozwa ushuru wa mazao pande zote mbili, asiseme «tunaonewa». Atunze stakabadhi zote mbili, aandike tarehe, kizuizi na uzito, awatafute wenzake waliotozwa hivyo, na wakumbushe kwamba bajeti ya mwaka 2017/18 ilitangaza mazao yasiyozidi tani moja yanayohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru huo. Ukurasa mmoja wenye stakabadhi kumi nyuma yake unamrahisishia mwenyekiti wa chemba kazi ya kusimama na kusema.

Muda nao ni muhimu. Tozo za halmashauri hutungiwa sheria ndogo, ambazo hutangazwa ili wananchi watoe maoni, hupitishwa na madiwani, kisha huhitaji idhini ya waziri mwenye dhamana kabla ya kutumika. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio hupitishwa miezi kadhaa kabla. Anayepeleka hoja yake Agosti, tozo ikiwa tayari inakusanywa, anaomba kitu kigumu mara nyingi zaidi ya aliyeipeleka Novemba.

Yapo mambo ambayo hayafai kupelekwa chemba kabisa. Ukipokea makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, pingamizi linatakiwa lifike TRA ndani ya siku 30, pamoja na malipo ya sehemu ya kodi kama sheria inavyotaka. Ukizitumia siku hizo kusubiri kikao cha chemba, haki yako itapotea. Mwone mshauri wa kodi siku hiyohiyo.

Baada ya kikao cha baraza, omba kupitia chemba sehemu ya muhtasari inayohusu hoja yako: nini kiliamuliwa, nani amepewa kazi hiyo, na kwa muda gani. Kikao kinachofuata kitakapokaribia na jambo likiwa halijatekelezwa, iandikie chemba barua fupi ukitaja namba ya kipengele hicho ili kiingizwe kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.